Jino Ulilozikwa Nalo

Mama,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye ulinifundisha kwamba barua isizunguke, na kwa sababu kila nikijaribu kuanza na salamu za kawaida, kalamu inakataa. Huko uliko sijui kukoje. Hapa Eldoret mvua imekataa kuisha, matope ya mjini yameharibu viatu vyangu vyeupe vya kliniki, na mimi sijafanya mtihani wa mwisho. Wenzangu wote walifanya. Mimi nitaufanya na kikundi kinachofuata, na sababu ni gego moja la chini, upande wa kulia, pamoja na wewe.

Usianze kuuliza maswali. Nitaeleza polepole, jinsi ulivyotaka watoto wako wa darasa la nne waeleze: nani, nini, halafu kwa nini.

Unakumbuka lilivyoanza. Wewe ambaye chai uliinywa ikiwa bado inatoa mvuke, ulianza kuiacha ipoe mpaka inafanya ngozi juu. Halafu ukaanza kuingia darasani na glasi ya maji baridi, unapiga funda, unayashika shavuni, unaandika ubaoni, unapiga funda lingine. Nikakuuliza, ukasema ni fizi tu. Ukaweka karafuu. Karafuu nakusamehe. Ukaweka ugoro uliopewa na mama mmoja wa kwaya. Halafu ukasaga tembe ya maumivu ukaibandika kwenye fizi, ikaunguza nyama ikawa nyeupe, na bado ukanitazama machoni, mimi mwanafunzi wa meno wa mwaka wa mwisho, ukaniambia ni fizi tu.

Daktari wa kwanza uliyemwona mjini alisema ling'olewe. Ukatoka pale kama mtu aliyetukanwa. Nilijua kwa nini. Dani, mama yako, alitolewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya watu wetu zamani, ili siku ugonjwa wa kufunga taya ukija, uji upate pa kupitia. Wewe ulikua ukimtazama akitafuna nyama kwa pembeni, na ukiwa mdogo uliapa kwamba lako halitatoka hata moja. "Mimi nitazikwa na meno yangu yote," ulikuwa ukisema, na Mama Jerotich akiwa yupo alikuwa anakucheka. Mama Jerotich wa Kesses, rafiki yako, ambaye ulimfundishia watoto watatu na ambaye tangu hapo alikuletea maziwa kila Jumamosi utake usitake. Mama yake yeye alitolewa mawili tu. "Sisi tulitoa mbili," alikuambia, "nyinyi mlikuwa na haraka gani?" Mlicheka mpaka ukashika shavu, na hapo ndipo nilijua hiyo si fizi.

Basi nikakueleza. Nikasema jino linaweza kubaki. Kinachouma ni neva iliyo ndani, imeoza, na tunaweza kuitoa, tukasafisha mifereji ya mizizi, tukaijaza, na gego likakaa mahali pake miaka mingi. Nikasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba ili niruhusiwe kufanya mtihani nilihitaji kukamilisha gego moja la namna hiyo, mwanzo mpaka mwisho, na mgonjwa ni wa kujitafutia. Ulifurahi kuliko mimi. Ulisema, "Kwa nini hukuniambia? Mdomo si huu hapa?"

Ulikuja siku ya Jumanne na nguo ya kanisani. Uliketi kwenye kile kiti wima kama uko kwenye mkutano wa wazazi, nikalazimika kukushika mabega ili ulale. Kabla ya sindano ya ganzi ulimuuliza msimamizi wangu kwao ni wapi, ana watoto wangapi, na kama anawasomesha vizuri. Nilipokuvalisha ule mpira wa kijani unaotenga jino na mdomo, bado ulitaka kuongea. Nilitoboa, nikatoa neva, nikapata mifereji mitatu. Msimamizi akainama na kioo chake kidogo akaangalia kwa muda mrefu, akasema gego la chini mara nyingine huficha wa nne, nisiridhike na mitatu. Saa ilikuwa imeenda. Akasema nitautafuta vizuri ziara ijayo. Nikaosha, nikaweka dawa, nikaziba kwa muda, nikakuandikia kadi kwa mkono wangu: Rudi Jumanne.

Na nilikueleza, Mama. Nilikueleza mara tatu, ya kwanza ukiwa kwenye kiti, ya pili ukifunga viatu, ya tatu mlangoni. Nilisema maumivu yataisha leo kwa sababu neva haipo, si kwa sababu jino limepona. Nilisema hicho nilichozibia ni cha wiki chache tu, kikianza kuvuja wadudu watarudi ndani, na safari hiyo hakutakuwa na neva ya kukuambia. Jino litanyamaza huku usaha unakusanyika kwenye ncha ya mzizi. Nimeona watu wakiletwa taya limevimba mpaka chini ya kidevu, ulimi umeinuliwa juu, na ikifika hapo si habari ya jino tena, ni habari ya pumzi. Wewe ulitikisa kichwa vizuri kabisa. Ulisema, "Nimesikia, daktari."

Hukurudi.

Jumanne ya kwanza ilikuwa mitihani ya watoto. Ya pili ilikuwa mkutano wa walimu. Ya tatu kulikuwa na mazishi, na kwaya haiwezi kuimba bila wewe, sijui ilikuwa inaimbaje kabla hujazaliwa. Ya nne nilikupigia simu mara sita, ukaipokea ya sita, ukasema kwa upole, kama mimi ndiye mwenye shida, "Lakini haliumi, nyathina, mwanangu. Kitu hakiumi, unakifuata nini?"

Maneno hayo nimeyabeba miezi hii yote. Nimeyasikia kwenye vinywa vya watu wengine mpaka yanakaribia kuwa yangu. Wiki ile kabla ya Pasaka ulianguka shuleni, mbele ya ubao, na chaki mkononi. Kiharusi, walisema. Siku tatu nilikaa kwenye korido na koti langu jeupe, watu wananiuliza maabara iko wapi, na sikuweza kukusaidia kwa lolote. Daktari alinijia akaniuliza kama mama alikuwa akimeza dawa za presha. Nikajibu ndiyo, kila siku, nimeziona mwenyewe pale juu ya friji.

Ulipoondoka, nilifungua mkoba wako kutafuta kitambulisho. Nilikuta kipakiti cha zile tembe za presha kimejaa karibu chote. Chini yake kulikuwa na kadi mbili ulizozibana pamoja kwa kibanio cha nywele: kadi ya kliniki ya presha na kadi yangu. Rudi tarehe fulani. Rudi Jumanne. Tarehe zote mbili zilikuwa zimepita zamani. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma, kwa hiyo ukaacha dawa. Jino liliacha kuuma, kwa hiyo ukaniacha mimi. Nilikaa kwenye sakafu ya chumba chako na hizo kadi mbili, na sikulia wakati huo. Nilikasirika tu, hasira ya kutaka kukuita ukiwa jikoni uje ujieleze.

Tulikusafirisha nyumbani Siaya, na ulizikwa na meno yako yote kama ulivyotaka. Thelathini na mawili, moja likiwa na tundu nililolitoboa mimi na kizibo cha muda. Hongera.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo unaponichosha hata ukiwa haupo. Siku yenyewe ya mazishi, nimeshika sahani ya wali, mama mmoja wa chama chenu cha kanisa alinivuta kando ya hema. Nilidhani anataka kunipa pole. Alifungua mdomo wote, akavuta shavu kwa kidole, akasema mama yako alituambia wewe una mkono mzuri, hebu angalia hii. Jeneza lako lilikuwa hatua kumi kutoka pale, Mama. Nikaangalia. Nifanye nini? Lilikuwa limeoza mpaka kwenye neva.

Tuliporudi Eldoret simu hazikuisha. Wote walikuwa watu wako, na wote walianza kwa kusema mama yako alituambia. Nilifurahi, sitakuficha. Nilihitaji gego moja tu la kukamilisha, na hapa nilikuwa naletewa magego mfululizo. Nikatoboa, nikatoa neva, nikaosha, nikaziba kwa muda, nikaandika kadi. Wakatoka wakinibariki. Wakaniombea mpaka mume. Na hakuna aliyerudi, hata mmoja. Nikipiga simu wananiambia liko sawa kabisa, asante sana, Mungu akuzidishie.

Kwenye kitabu chetu cha kazi kuna safu ya kuandika kwa nini matibabu hayakukamilika. Niliandika Mgonjwa hakurudi. Chini yake, Mgonjwa hakurudi. Ukurasa ulianza kufanana na adhabu ile uliyokuwa ukiwapa watoto wachelewaji, ya kuandika sentensi moja mpaka daftari linajaa. Nilipofika kwenye jina lako msimamizi aliniambia niandike amefariki. Niliandika Mgonjwa hakurudi. Aliisoma, akanitazama, hakuifuta.

Mama Jerotich alikuja mwezi wa sita. Gego la chini, upande wa kulia, kama lako, ungedhani mlikubaliana. Nilifanya ziara ya kwanza vizuri sana. Nilimweleza yote, mara tatu. Naye akapotea. Zilipobaki siku tisa kitabu kifungwe, na kila mwenzangu amekwisha kutiwa sahihi, nilichoka kupiga simu. Nikaenda Kesses mwenyewe.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akisafisha vibuyu vya maziwa. Alinikumbatia, akanikalisha, akaniwekea chai na mursik, yale maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, kabla sijafungua mdomo. Nikamuuliza kwa heshima, Mama, mbona hukurudi. Akanishangaa kweli.

"Si mama yako alituambia wewe unamaliza siku moja?" akasema. "Alisema hizo siku zingine ni za nyinyi kujifunza tu. Sasa mimi nikuje nikae kwa kiti bure, na ng'ombe ziko hapa?"

Niliweka kikombe chini.

Mama. Uliwaambia hivyo? Kanisa zima? Nilimuuliza tena, akasema ndiyo, ulisimama kwenye mkutano wa akina mama, ukafungua mdomo ukawaonyesha, ukasema madaktari wengine wanakuzungusha, lakini mtoto wangu alinitibu siku moja na sijasikia maumivu tena. Ulinisifu mpaka ukanifelisha. Hukutaka kusema kwamba ulikuwa hujamaliza, kwa hiyo ukasema mimi nilikuwa nimemaliza. Wale wote waliopotea walikuwa wanakutii wewe, na mimi nilikuwa nimekaa nikidhani nina mkosi. Nilicheka pale kwenye kigoda mpaka nikaanza kulia, na Mama Jerotich naye akalia, bila kujua tunalilia nini hasa.

Nilipotulia nilitazama alichokuwa akifanya. Alikuwa anasugua ndani ya kibuyu kwa kijiti chenye kijinga cha mti wa senetwet, anazungusha, anakung'uta majivu, anachungulia, anarudia. Nikamuuliza kama akimaliza kusafisha hicho kibuyu anaweza kukiacha wazi zizini mwezi mzima, halafu aje atie maziwa. Akasema nani, mimi? Si kitaoza? Nikamwambia jino lako ndilo hilo. Nimelisafisha. Nimelifunika na karatasi. Sijatia maziwa wala sijaweka kifuniko.

Akagusa shavu.

"Basi si ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema.

Miaka mitano chuoni, Mama. Michoro, vitabu, vielelezo vya plasta. Ningesema kibuyu tangu mwanzo.

Alikuja Alhamisi, siku moja kabla ya kitabu kufungwa. Nilikuwa nimepanga kila kitu tangu asubuhi: mpira wa kijani, vijisindano vya kusafishia vimepangwa kwa ukubwa, vile vijiti vya waridi vya kujazia mifereji. Nilikuwa hata nimelipiga pasi koti langu. Nikamfunga mkanda wa presha mkononi, maana fomu inadai. Mashine ikahesabu, ikasimama kwenye mia na tisini na kitu kwa mia na kumi na tano. Nikadhani imekosea. Nikamwacha apumzike, nikapima tena. Nikahamia mkono wa pili. Ilikuwa vilevile. Nikamuuliza dawa, akasema, "Niliacha kidogo. Kichwa hakiumi." Halafu akatazama saa ya ukutani. "Andika tu iko sawa, Atieno. Ng'ombe zinangoja."

Sasa kuna jambo ambalo hatujawahi kulisema, mimi na wewe. Nimeandika kurasa hizi zote nikilizunguka, baada ya kujigamba pale juu kwamba sizunguki.

Jumanne yako, mashine ya presha ilikuwa inatumika kwenye kiti cha jirani. Ulikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka zaidi, nilitaka msimamizi anikute nimeshaanza. Ukasema, "Andika tu iko sawa, mwenye mwili ni mimi." Nami nikaandika. Mia na ishirini kwa themanini. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, ile namba ya kwenye kitabu, na msimamizi akaiamini akatia sahihi. Kutoka siku hiyo mpaka ulipoanguka zilipita wiki saba. Nimejiuliza kama ningepima ningeona nini, na kama ningeona ungenisikiliza, wewe ambaye hukusikiliza hata habari ya jino. Daktari wa wodi aliniambia hakuna anayeweza kujua. Nilitaka kumkasirikia naye pia lakini alikuwa amechoka. Nilikuwa daktari wako kwa saa mbili, na katika saa hizo mbili ukaniamuru kama mtoto nami nikatii kama mtoto. Hilo nakulaumu. Na najilaumu zaidi, kwa sababu koti nilikuwa nimelivaa mimi.

Kwa hiyo nilisimama pale na kalamu. Mama Jerotich amelala kwenye kiti, mdomo umeshafunguliwa, ananingoja. Ningeandika ile namba nzuri, ningemaliza jino kabla ya chakula cha mchana, na Ijumaa ningetiwa sahihi kama wengine. Nilitaka. Usidhani sikutaka. Nilihesabu hata dakika.

Nikamwambia msimamizi. Nikamwonyesha presha ya Mama Jerotich, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na ya kwako pia, kwamba ile namba kwenye fomu ya mama niliitunga. Aliketi. Kisha akasema, "Mpeleke huyu akaonwe sasa hivi. Mtihani utaufanya na kikundi kinachofuata." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nikamvua Mama Jerotich kitambaa cha kifuani, nikamshika mkono, tukavuka uwanja mpaka kliniki ya presha. Alilalamika njia nzima. Ng'ombe, mvua, mimi, serikali. Niliketi naye kwenye benchi mpaka akaitwa, nikaingia naye, nikamsikiliza nesi akimkemea, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilipata raha kidogo, kusikia mtu mwingine akigombeza mtu wa rika lako kwa niaba yangu. Alipotoka na pakiti ya dawa nilimfanya ameze ya kwanza mbele yangu. Ijumaa kitabu kikafungwa. Jioni wenzangu walipigiana simu kusherehekea, nami nikazima yangu.

Halafu sikumtafuta. Nakiri. Nilichoka, Mama. Sikupiga simu, sikwenda Kesses, nilisema moyoni kwamba mtu mzima akitaka kuja atakuja, na asipotaka nitaandika ile sentensi yangu nifunge ukurasa. Wiki tatu zikapita.

Jumanne moja nilifika kliniki kabla milango haijafunguliwa, na pale nje kwenye benchi, amejifunga leso mbili kwa baridi, alikuwa ameketi Mama Jerotich. Peke yake. Hakuna aliyempigia. Miguuni alikuwa na kibuyu, na mkononi alikuwa na kadi yangu na pakiti ya dawa. Kabla hata ya salamu alinigeuzia pakiti nione zile nafasi tupu zilizokuwa na tembe, moja moja, hakuna aliyoruka. Akasema, "Pima kwanza, ndio usinisumbue."

Nilipima. Ilikuwa imeshuka, si ya kitabuni, lakini msimamizi aliikubali. Nilimvalisha mpira, nikaondoa kizibo, ambacho kilikuwa kimeshaanza kuliwa pembeni, nikasafisha upya kila mfereji. Mitatu. Nikakumbuka. Nikaomba kioo kikubwa na taa, nikafuata ule mfuo mwembamba kwenye sakafu ya jino kwa ncha ya kijisindano, taratibu, mpaka shingo ikaniuma. Na ncha ikanasa. Wa nne. Ulikuwepo, mdogo, umejibana nyuma ya mwenzake. Nilisafisha, nikakausha, nikajaza yote minne, nikaziba na kizibo cha kudumu. Kwenye picha mizizi ilionekana imejaa nyeupe mpaka kwenye ncha. Msimamizi aliishikilia kwenye mwanga, akasema hii ni kazi safi. Haihesabiki kwa mtihani uliopita. Itahesabika kwa ujao.

Nilipofika kwenye ile safu ya kitabu sikujua niandike nini, maana ni safu ya sababu za kutokamilika, na hii ilikuwa imekamilika. Ungeniambia niiache wazi. Sikuiacha. Niliandika, Mgonjwa amerudi. Msimamizi alitia sahihi chini yake bila kuniuliza.

Mama Jerotich sasa amechukua nafasi yako kwenye mkutano wa akina mama. Nasikia alisimama Jumapili, akafungua mdomo, akawaambia Atieno hamalizi siku moja, na ukisikia mtu anamaliza siku moja ukimbie. Wameanza kurudi, wanarudi na manung'uniko, wengine wamevimba, wote wananilaumu kwamba sikueleza vizuri. Nawapima presha kabla hawajafungua mdomo. Wawili nimewavusha uwanja mpaka ng'ambo. Wananichukia kidogo, na mimi nawasalimia kwa heshima na kuwapa kadi.

Lako sitalijua kamwe. Kama lilikuwa na mifereji mitatu au minne, siri umebaki nayo huko Siaya, na hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kukueleza. Nimekusamehe habari ya kwaya. Nimekusamehe mkutano wa walimu, na simu zile tano. Hili la kuniambia niandike iko sawa bado sijafika. Nitakuambia nikifika.

Kadi zako mbili nimezitoa kwenye kibanio. Ya presha nimempa Baba, nikamwandikia nyuma yake tarehe zake yeye za kupimwa, na nampigia mwenyewe. Yangu nimeiweka kwenye mfuko wa koti, huku juu. Sitakudai uje. Lala, Mama, na meno yako yote. Lakini kila Jumanne nitakuwa pale kwenye kiti, na yeyote atakayekaa, awe mgeni au awe mwenye kunizaa, nitapima kwanza.

Mtoto wako,
Atieno